Tuliandika Homa

Mwezi uliopita alikuja kwangu hapa Azaiba, Maskati, binti wa jirani yangu, mtoto mwenye adabu, na sahani ya vitumbua kaifunika kitambaa. Tulipomaliza chai akatoa lililomleta. Mumewe, kijana wa wizarani, ana wiki sita hajaingia kazini. Akifika pale anapoegesha gari, mikono humtetemeka na pumzi humpaa, hugeuza akarudi nyumbani. Daktari kamwambia ni maradhi ya wasiwasi, na yuko tayari kumwandikia cheti apate likizo yake ya ugonjwa na mshahara wake.

"Lakini Bi Zuwena," akasema, "mama mkwe anataka tuseme mgongo. Anasema mgongo hauna aibu. Wewe waonaje?"

Nilimjibu vibaya. Nilipandisha sauti kwa mtoto wa watu aliyeniletea vitumbua, hata akainuka na buibui lake mkononi. Siku ya pili nilimpigia simu nikamtaka radhi, nikamuahidi kumwandikia kwa nini nilikasirika. Nimemwandikia haya, na akitaka awape na wengine.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, katikati ya joto, mimi na mume wangu Seif na binti yetu Salma. Yaliyotutoa Unguja yanajulikana na sitayarudia, ila moja. Kabla hatujaondoka, Seif alifungiwa siku nne ndani ya stoo yenye mlango wa chuma, yeye na wanaume wengine, na kila mlango ulipolia hawakujua anaingia nani wala anatolewa nani. Alipotoka alioga, akala, akaswali, akaniambia, "Alhamdulillahi, nimesalimika." Na mimi nikaamini kwamba mambo yamekwisha.

Kaka yake mkubwa, Nasor, alikuwa Maskati miaka mingi kabla yetu. Alitupa chumba cha juu katika nyumba yake ndani ya kuta za mji. Kwa hilo namuombea kheri mpaka leo, ingawa mengine yake nitayasema.

Mwaka uliofuata Seif alipata kazi kwa kampuni moja ya wakandarasi, jina lake silitaji, waliokuwa wakijenga upande wa pili wa Matrah. Wakamfanya karani wa ghala. Asubuhi alipanda lori, alasiri akarudi nalo, nguo zimejaa vumbi la saruji. Walimpa mkataba, karatasi mbili, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili Kiarabu. Aliutia saini akautumbukiza sandukuni. Hakuusoma, wala mimi sikuusoma, wala simjui mtu wetu hata mmoja aliyesoma wake. Tulikuwa wageni katika nchi ya babu zetu. Tuliona mtu akikupa kazi, kumsomea karatasi yake ni kama kumhesabia mwenyeji wali aliokupakulia.

Ugonjwa ulianza na mzinga. Siku zile, kila usiku milango ya mji ilifungwa, na kabla ya kufungwa ulipigwa mzinga. Sisi sote tuliuzoea. Seif hakuuzoea. Ulipolia alishika ukingo wa mlango wa chumba chetu akausimamia mpaka jasho likamkauka. Kisha akaanza kuusubiri mzinga tangu magharibi, kisha tangu alasiri. Akaacha kumeza wali, akasema unamsimama kooni. Kikoi kilichokuwa kikimzunguka kiunoni mara moja kikawa kinamzunguka mara mbili. Kwenye swala alikuwa akisimama safu ya mwisho, karibu na viatu, apate kuona nje. Mlango wetu uliwekewa jiwe usijifunge, na paka wote wa mtaa wakawa wageni wetu.

Mwaka wa sitini na sita, joto lilipoanza, upepo uliufunga mlango wa ghala naye yumo ndani. Dereva wa lori, Mbulushi mmoja mtu mwema, ndiye aliyemleta nyumbani kambeba kama mtoto.

"Mama," akaniambia, "tumemkuta kakaa baina ya magunia ya saruji, hasemi. Moyo wake unakwenda kama mashine. Nani kamtisha?"

Seif alilala siku tatu. Siku ya nne alivaa kanzu aende kazini, akafika kwenye ngazi, akakaa chini. Siku ya tano vivyo hivyo. Alikuwa akilia kwa haya, mtu mzima wa miaka arubaini na miwili.

Kampuni ilileta fomu: mfanyakazi anaumwa nini? Mkono wa Seif haukuweza kushika kalamu, kwa hiyo fomu nilikuwa nayo mimi. Nasor akapanda juu, akafunga mlango. Seif akamtazama. Nasor akaufungua tena, lakini nusu.

"Andika homa," akaniambia.

"Hana homa, shemegi."

"Zuwena, nisikilize. Salma kaposwa. Watu wa mposaji wanauliza kila nyumba. Ukiandika kwamba Seif ana khofu, kesho soko zima litasema nyumba hii ina mwenye wazimu. Homa kila mtu anayo. Homa ina sitara."

Kwetu sitara ni jambo zito. Aibu ya nyumba hufunikwa kama chakula kinavyofunikwa kawa. Nililelewa hivyo, na nilikuwa nikiwafundisha hivyo wanawake waliokuja kusoma dini kwangu tangu Unguja. Pia nilikuwa nikiwafundisha kwamba uongo ni haramu, hata ule mdogo. Nikaandika homa. Nikatia saini yangu kwa niaba yake. Seif alikuwa kaegemea ukuta, anaona kila herufi.

Wakatupa wiki mbili za malipo. Wakatupa kama wanaotoa sadaka, na sisi tukapokea kama wanaopokea sadaka. Wiki ya tatu daktari wa kampuni akamwita, akamtoa damu, asikute homa. Tena nasema, daktari wa kampuni, si wa hospitali. Hakumuuliza kitu. Hakumtazama usoni. Baada ya siku chache ikaja barua: Seif bin fulani amekutwa hana maradhi, ametoa khabari ya uongo, malipo yake yamesimamishwa, na ukitimia mwaka jina lake litafutwa kama hajarudi ghalani.

Joto lile nalikumbuka kwa dawa. Mwezi wa kwanza ni kombe: mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, tukaosha kwa maji ya waridi, Seif akanywa asubuhi na jioni. Mimi nnaamini maneno ya Mwenyezi Mungu ni shifaa, na Seif alipata utulivu kidogo kila alipokunywa. Kilichoniudhi si kombe. Kilichoniudhi ni wale waliokuja kututembelea wakanywa kahawa yetu wakasema, "Imani yake tu imepungua. Angekuwa na imani asingeogopa." Walisema mbele yake, na yeye anawasogezea tende. Nilimezea mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia mmoja wao, "Nabii Musa alipoona kamba za wachawi aliogopa moyoni mwake. Nabii Yaqub alilia hata macho yakawa meupe. Waambie na wao imani yao imepungua." Hakurudi tena, na kahawa yetu ikakaa siku nyingi zaidi koponi.

Mwezi wa pili ni mafuta ya habbasoda kifuani. Mwezi wa tatu mtu wa punga, mtoa mashetani, alitaka mbuzi wawili na ngoma siku saba. Huyo nilimtoa mlangoni mwenyewe.

Joto lilipovunjika nikaenda kwenye ofisi ya kampuni. Nilikwenda na Nasor, kwa kuwa mwanamke hakwenda peke yake, lakini Nasor alibaki nje kwenye kivuli kwa kuona haya. Ndani alikuwako karani, Mmaskati, mnene, mwenye pete ya feruzi.

Kiarabu changu nilikipata msikitini na vitabuni. Cha sokoni sikuwa nacho. Kwa hiyo nilimsalimu nikamueleza kwa maneno ya kitabuni, na yeye akacheka mpaka akafuta macho.

"Hajja, unanitolea khutba? Ngoja nivue viatu."

Nikamuuliza, "Mfanyakazi wenu akiwa mgonjwa, ana haki gani?"

"Mumeo si mgonjwa. Damu yake nzuri kuliko yangu. Nyie watu wa Zinjibar mmezoea kulala chini ya minazi, embe zinawaangukia vinywani. Hapa hakuna mnazi."

"Nimekuuliza haki."

"Haki iko kwa Mungu."

"Kweli," nikasema, "na kesho atakuuliza Yeye. Leo nakuuliza mimi."

Akaacha kucheka. Lakini akarudi kwenye karatasi zake, nikatoka kama nilivyoingia. Njia nzima mikono yangu ilitetemeka kama ya Seif. Huenda hiyo ilikuwa rehema, kwa sababu ndipo nilipojua mwili unavyoweza kumkatalia mtu.

Nyumbani nilifungua sanduku, nikautoa ule mkataba. Nilikaa nao dirishani nikausoma upande wa Kiarabu, mstari kwa mstari, kama mtu anayehifadhi sura. Kwenye karatasi ya pili nikayaona maneno yenyewe. Mfanyakazi akizuiwa na maradhi kufanya kazi, kwa cheti cha daktari, atalipwa nusu ya mshahara kwa muda wa miezi mitatu, na nafasi yake itawekwa mpaka arudi. Basi. Halikuwemo neno la homa. Haikuandikwa kwamba maradhi lazima yaonekane kwenye damu.

Nilisoma mara tatu, na kila mara hasira ikapanda. Niliikasirikia kampuni, ambayo ilijua yaliyomo na ikatuacha tunapokea wiki mbili kwa kushukuru. Nilimkasirikia Nasor. Zaidi nilijikasirikia mimi. Miaka kumi na tano nikifundisha watu kusoma, na karatasi iliyokuwa na chakula cha mwanangu imelala chini ya mashuka yangu. Mwalimu wangu alinifundisha subira, Mungu amrehemu. Hakunifundisha kwamba mwenye subira hasomi mkataba wake.

Tulichokosa ni cheti. Cheti cha kweli kingepatikana kwenye hospitali ya Matrah, na pale siku zile watu walikuja kutoka bara kwa punda na ngamia. Tulikwenda Ramadhani, siku za baridi. Tuliamka baada ya daku, tukapanda gari la mwanzo, tukangoja. Siku ya kwanza hatukufikiwa. Siku ya pili Seif hakuweza kukaa na wanaume kwenye chumba cha kungojea, akasimama nje kwenye jua asubuhi nzima, na jina lake lilipoitwa hakulisikia. Siku ya tatu hatukufikiwa tena.

Siku ya nne bibi mmoja wa milimani, macho yake mekundu kwa trakoma, alijisogeza akanipa nafasi kwenye mkeka.

"Mgonjwa wako nani?"

"Mume wangu. Yule aliyesimama nje."

"Ana nini?"

Nilifungua mdomo niseme homa. Miezi saba nilikuwa nikisema homa, ulimi ulikwishazoea. Nikasema, "Ana khofu."

Yule bibi akatikisa kichwa kama aliyeambiwa mtu ana mafua. "Wangu pia alikuwa nayo, tangu kisima kilipomporomokea. Tulisema jini. Tulichinja mbuzi mpaka zizi likabaki na mimi na yeye."

Nikacheka, na saumu yangu. Sikuwa nimecheka tangu joto lile. Nikamuuliza sasa yuko vipi. Akasema, "Anachimba mifereji ya falaji na wenzake. Lakini ndani ya shimo haingii, hukaa juu akavuta kamba. Wenzake wanajua. Kwani kamba haina kazi?"

Nililishika neno hilo nikaenda nalo.

Siku hiyo tulifikiwa. Daktari alikuwa mzungu mzee mwenye Kiarabu cha Matrah. Seif aliingia, akasita. Daktari akafuata macho yake mpaka kwenye mlango, akainuka, akaufungua wote, watu wa nje wakawa wanatuona. Akamuuliza maswali mengi polepole: usingizi, chakula, moyo, ile stoo ya Unguja. Seif alimueleza yale ambayo mimi mkewe sikuwahi kuyasikia. Mwisho akampa vidonge vidogo vyeupe, akaandika cheti.

"Nimeandika kweli," akatuambia. "Huyu ni mgonjwa, na atapata nafuu. Lakini kule kazini kwenu iko karatasi inayosema homa. Ile mtaieleza wenyewe."

Nasor alipojua, alishuka na kupanda ile ngazi mara sijui ngapi. "Mnataka kuitangaza nyumba yangu! Na Salma je? Mmemfikiria Salma?"

Salma alikuwa pale anapepeta mchele, na mbele ya ami yake hakuwa na desturi ya kusema. Akaweka ungo chini. "Ami, nisamehe. Anayenitaka mimi bila ya baba yangu, mimi simtaki."

Nasor akakaa. Akaomba maji, na ilikuwa mchana wa Ramadhani, akakumbuka, akasema astaghfirullah. Hata yeye alicheka kidogo.

Baada ya Idi tukaenda ofisini, na safari hii Seif mwenyewe. Usiku mzima alikuwa akiniambia hatokwenda, na asubuhi nikamkuta kavaa kanzu na kilemba, viatu mkononi. Nasor alikuja nasi. Safari hii hakubaki kivulini.

Kulikuwa na upepo. Mlango wa ofisi ulikuwa ukijifunga kwa kishindo kila ulipofunguliwa. Karani wa pete ya feruzi alikuwa mahali pake, na nyuma yake, kwenye chumba cha ndani, meneja, mzungu. Mimi na Nasor tuliingia. Seif akasimama kizingitini, mkono mmoja juu ya ubao wa mlango, jasho linamtoka na ni siku ya baridi.

"Ingia basi," akasema karani.

Seif akasema kutoka pale pale, kwa Kiarabu chake kilichovunjika, kwa sauti ambayo meneja aliinua kichwa. "Sikuwa na homa. Mke wangu aliandika homa kwa kuwa tuliona haya, na mimi nilimwacha aandike. Nilifungiwa mahali siku nne, na tangu siku hiyo mlango ukifungwa mwili wangu haunitii. Si mvivu. Nikiwa nje, naweza kuhesabu lori zenu zote na sipotezi gunia moja. Cheti hiki hapa."

Upepo ukausukuma mlango juu ya mkono wake. Karani yule, aliyenicheka mpaka akalia, akainuka na unene wake, akachukua kasha la chuma la mafaili, akalikokota mpaka mlangoni akaliegemeza. Akarudi kukaa. Akamtazama Seif, akasema taratibu, "Haya. Umefunguka. Ingia kwa wakati wako."

Seif akaingia. Nikaweka cheti na mkataba mezani, kidole changu juu ya ule mstari. Karani akamfasiria meneja, na nnavyojua mimi alifasiri vizuri, kwa sababu alirudia mara mbili na mara ya pili alipiga meza.

Tulipata haki yetu, lakini si yote. Miezi mitatu ya nusu mshahara walianza kuihesabu tangu siku ya cheti cha kweli. Miezi yote ya nyuma, tangu ile homa, hatukupata kitu, na zile wiki mbili za mwanzo wakazikata. Nafasi yake wakaiweka. Alirudi joto lilipokaribia, hakurudi ghalani, bali nje langoni, chini ya turubali, akihesabu lori. Ile kamba ya yule bibi wa milimani.

Watu wa mposaji wa Salma hawakurudi. Hawakutuma hata neno. Aliolewa miaka miwili baadaye na mtu ambaye, kabla ya kutaja posa, alikwenda kumsalimu Seif pale turubalini.

Nafuu ilikuja na kurudi nyuma, ikaja tena. Mwaka wa sabini, milango ya mji ilipoachwa wazi na mzinga ukanyamaza, Seif aliniambia tutoke baada ya isha. Tukapita langoni, tukaenda hatua kama mia, tukarudi. Ndiyo hayo tu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona wajukuu wanasoma chuo kikuu cha Al Khoudh, akafa kwa utulivu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila siku aliyompa.

Nashukuru, na bado nimekasirika. Shukrani yangu haikuifuta hasira, na sioni dhambi ndani yake. Ile fomu ya homa karani aliitoa kwenye faili akanipa nikaichane. Sikuichana. Ninayo mpaka leo, na mwandiko ni wangu, mzuri, herufi zimekaa sawa. Kila neno lililomo limeandikwa na mtu anayejua kusoma na kuandika na kumcha Mungu, na lilimnyima mumewe haki yake miezi saba.

Nilimpelekea binti wa jirani maandishi haya mpaka hapo, pamoja na picha ya ile fomu. Jana kanipigia.

"Bi Zuwena, tumepeleka cheti."

"Mmeandika nini?"

Nilisikia mtu anaongea nyuma yake, sauti ya mwanamme, taratibu.

"Wasiwasi. Kaandika mwenyewe, kwa mkono wake. Lakini mama mkwe kanuna, hali chakula changu."

"Mwache anune, akiona njaa atakula. Mumeo yuko wapi sasa?"

"Yupo hapa, amekaa mlangoni."

"Basi weka simu, mwanangu, ukakae naye."